Vidonge vya Wanafunzi Tu

Jina lake silitaji. Hakupenda kuitwa kwa jina mbele za watu, hasa na wale waliokuja na magari yenye maandishi mlangoni, na mimi mpaka leo bado namwogopa kidogo. Shuleni tulimwita Madamu wa Afya. Kila shule ya msingi huwa na mwalimu wa afya. Ni kazi ya nyongeza isiyo na posho, na kwa kawaida hutupiwa yule aliyechelewa kikao siku ya kugawana majukumu. Yeye aliiomba. Mwalimu mkuu wa wakati ule alicheka, akadhani anatania.

Nitasimulia nikiwa na hasira, mnisamehe. Nimechoka kusikia watu wakimzungumzia kwa sauti za kanisani: mama mwenye moyo, mama wa kujitolea, mfano wa kuigwa. Alijitolea kwa sababu waliotakiwa kuifanya kazi ile walikuwa hawaifanyi. Hilo hawalisemi. Wanammwagia sifa, kisha wanarudi kwenye viti vyao.

Alikuwa mfupi, mfupi kiasi kwamba wanafunzi wengi wa darasa la saba walimzidi kimo. Sweta la kijivu alilivaa hata Oktoba, jua likiwa limeshaunguza nyasi zote. Akiandika ubaoni alisimama kwa ncha za vidole na bado akaishia katikati, kwa hiyo ubao wetu ulikuwa daima mweusi juu na mweupe chini. Ila sauti yake haikulingana kabisa na umbo. Akisema "Wewe!" pale uwanjani, shule nzima ilisimama, kila mmoja akiamini ameitwa yeye.

Kijiji chetu utakifikia kwa pikipiki ukitoka Bariadi mjini na kushika njia za kuelekea Lalago. Upande mmoja wa shule ni mashamba ya pamba, upande wa pili ni lambo. Lambo ndilo maji yetu. Ng'ombe wanakunywa mle, watoto wanaogelea mle, akina mama wanafua na kuchota mle. Pampu ya shule iliharibika nikiwa darasa la pili. Sasa mimi ni mwalimu katika shule hiyo hiyo na pampu bado imesimama palepale, imekauka, na wageni wakija huwa wanapenda kupiga nayo picha.

Nikiwa darasa la tano nilikuwa nakojoa damu. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu hata wakati ule sikuwa na aibu, nilikuwa na majivuno. Kwetu mvulana akianza kutoa mkojo mwekundu, wenzake walisema amekua. Kaka yangu alipitia hayo, baba alipitia hayo, hakuna aliyekufa, basi. Ambaye mkojo wake ulikuwa mweupe alichekwa kwamba bado ananyonya.

Madamu alipopata habari hiyo hakutuhubiria. Aliokota chupa za maji zilizotupwa na wageni, akazikata shingo, akampa kila mvulana wa darasa letu yake, akatutuma chooni. Tulirudi tunakimbia. Tukazipanga juu ya ukuta mfupi wa varanda, juani, na yangu ilikuwa nyekundu kuliko zote. Nilisimama pembeni yake kama mtu aliyeshinda mbio.

Alipita akiangalia moja moja. Akafika kwenye yangu.

"Ya nani hii?"

"Yangu, Madamu."

"Unajua ni nini?"

"Damu, Madamu. Nimekua."

Nilitegemea kofi. Halikuja. Aligeuka akaingia ofisini, akakaa humo kipindi kizima, na alipotoka macho yalikuwa yamemvimba. Akasema, "Hamjakua. Mnaliwa. Kuna wadudu ndani yenu wanawala, na ninyi mnashangilia." Nilikwenda nyumbani nimenywea. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba kichocho ni ugonjwa na wala si hatua ya kukua.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu mwenzake, nilimuuliza kwa nini siku ile wasichana hawakupewa chupa. Alinijibu kwamba msichana akitokwa na damu hakuna anayeshangaa, na mwenyewe ameshafundishwa kuficha. "Ninyi mlijisifu, ndiyo maana mkaonekana," alisema. "Wao walinyamaza, wakahesabiwa wazima."

Sasa nisimpambe kupita kiasi. Madamu huyu aliyetukataza lambo alikuwa anafua lamboni. Jumamosi asubuhi ungemkuta amekunja sketi, maji magotini, anasugua lile lile sweta la kijivu. Nilimkuta siku moja nimetumwa na mama kuchota maji, na nikamwangalia kwa lile jicho la hukumu walilo nalo watoto.

"Madamu, si ulisema tusiingie?"

"Nilisema."

"Sasa mbona wewe umeingia?"

"Nifulie mate?"

Akaendelea kusugua. Alijua kila kitu kuhusu wale konokono wadogo wanaoshika majani ya kando. Alijua jinsi mdudu anavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu bila hata kuwasha sana. Alituchorea ubaoni, nusu ya chini ya ubao, mpaka tukaota konokono. Na bado aliingia majini, kwa sababu kujua hakuchoti maji. Watu wa semina wanapenda kusema kwamba jamii hizi zinahitaji elimu. Elimu yenyewe ilikuwa imesimama lamboni, maji magotini, inafua. Ilichohitaji ni bomba.

Alikuwa na mambo mengine ya ajabu. Aliogopa sindano kuliko mtoto wa chekechea; chanjo zikija shuleni alijifanya ana shughuli stoo. Kikaoni alikemea walimu waliopiga wanafunzi fimbo, lakini rula yake mwenyewe ilikuwa haipoi. Alipenda soda ya chungwa, moja tu, kila mwisho wa mwezi, na aliinywa amesimama dukani ili asiombwe. Akikutembelea nyumbani aliinua kifuniko cha mtungi kabla hajaitikia salamu. "Mwangaluka, mayu," mama yangu alimwamkia kwa Kisukuma asubuhi moja, na yeye, kichwa kikiwa ndani ya mtungi, akajibu, "Haya maji hayajachemshwa."

Siku ya vidonge ndiyo ilikuwa sikukuu yake. Dawa ya kichocho huletwa shuleni mara moja kwa mwaka, mkibahatika, na pamoja nayo huja mti mrefu uliochorwa mistari. Mtoto anasimama, kichwa kinagusa mstari, na mstari unasema ameze vidonge vingapi. Ukiwa mrefu zaidi unameza vingi zaidi. Vidonge vyenyewe ni vikubwa na vichungu, kwa hiyo wanafunzi wote tulijifunza kukunja magoti. Siku ile shule nzima ilikuwa ya watu wafupi. Madamu alikaa kwenye kigoda pembeni ya mti, macho usawa wa magoti yetu, rula mkononi. "Nyooka! Wewe si ndama wa kupiga magoti. Nyooka!"

Kabla ya mti, hata hivyo, kulikuwa na chakula, na hapo hakukubali mjadala. Dawa ile haitaki tumbo tupu. Ukiimeza na njaa unapata kizunguzungu, unatapika, pengine unaanguka. Na watoto wetu wanakuja shuleni na njaa, jambo ambalo hakuna anayelishangaa tena. Mradi, wale wa magari yenye maandishi, ulileta dawa, ulileta mti, ulileta hata fulana za walimu. Chakula haukuleta. Karatasi zao zilisema kwamba mzazi ahakikishe mtoto amekula. Mzazi yupi, na ale nini, mwezi ambao ghala ni vumbi tupu?

Basi Madamu, wiki moja kabla, alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa juani ambavyo kila kaya ya Kisukuma huweka kwa ajili ya siku mbaya. Kila nyumba kibaba kimoja. Asubuhi ya siku yenyewe akina mama walikuja na masufuria ya harusini, wakachota maji, wakawasha moto nyuma ya madarasa, wakaipika ile michembe. Kila mtoto alikula kwanza, Madamu akimtazama mpaka tonge lishuke. Ndipo akaruhusiwa kwenda kwenye mti. Kwa njia hiyo, mwaka baada ya mwaka, hakuna mtoto aliyeanguka, na mradi ukaandika kwamba mpango wao unafanya kazi vizuri.

Hao akina mama wapishi ndio waliomkondesha Madamu. Maji ya kupikia waliyachota lamboni, wamezama mpaka mapajani. Walifua mle. Wakati wa kulima mpunga walisimama kwenye maji siku nzima. Kama kuna watu ambao wadudu wale walikuwa wanawajua kwa majina, ni wao.

Mmoja wao, Kabula, mama wa wanafunzi watatu wa shule yetu, ndiye aliyeuliza kwanza. Wakati huo nilikuwa nimeshaajiriwa kama mwalimu na nilikuwa nimesimama karibu. Watoto walikuwa wamemaliza kumeza, na kopo la vidonge lilikuwa bado zito.

"Na sisi, mayu?" Kabula alimuuliza Madamu kwa sauti ya chini. "Na sisi tunaumwa huku chini. Tunaona aibu kusema tu."

 Madamu alimshika mkono akamsimamisha kwenye mti. Kichwa cha Kabula kikagusa mstari ule ule alioufikia mtoto wake wa darasa la saba nusu saa iliyopita. Madamu akanyoosha mkono kwenye kopo. Kijana wa mradi akalifunika kwa kiganja.

"Hapana, Madamu. Hawa hawamo."

"Hawamo wapi?"

"Kwenye programu. Ni wanafunzi tu."

"Lakini dawa zimebaki."

"Zinazobaki zinarudishwa mjini."

"Mjini kuna lambo?"

Yule kijana aliangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke na bosi. Ninayemchukia mimi ni yule nisiyemjua, aliyekaa mahali penye feni akachora mstari, upande huu watoto, upande huu wengine, akaona amemaliza ugonjwa. Kabula alijifuta mikono kwenye kanga, akarudi kuosha masufuria. Aliyaosha lamboni.

Kuanzia siku hiyo Madamu alikuwa na jambo moja tu maishani. Alitaka wale wanawake wapewe dawa. Aliandika barua, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, na alijibiwa kwamba suala lake limepokelewa. Akaandika tena, likapokelewa tena. Mara moja alialikwa kwenye kikao mjini Bariadi ambako mgeni kutoka mbali alionyesha picha ukutani, mishale inayotoka kwa mtoto kwenda kwa konokono na kurudi kwa mtoto. Kwenye maswali Madamu alisimama, na kwa kuwa alikuwa mfupi, mwenyekiti alimwambia asimame. "Nimesimama," alisema. Watu wakacheka. Kisha akasema, "Mtoto nimempa dawa leo. Kesho mama yake anaingia lambo na wadudu alionao, kesho kutwa mtoto anaoga maji yale yale. Kwenye hiyo picha yenu mama yuko wapi?"

Mgeni alimwambia hilo ni swali zuri sana.

"Sikuomba sifa ya swali," alijibu, akakaa. Wakagawiwa chakula cha mchana, yeye akaondoka bila kula, na kuku wake nasikia aliliwa na dereva.

Alikuwa na msemo wake kwa mambo kama hayo. "Mwili hausomi waraka." Aliusema ofisini, aliusema njiani akiwa peke yake, aliwahi kuusema kanisani wakati wa matangazo. Sisi walimu vijana tulikuwa tukimuigiza chumba cha walimu, sauti na ule mkono wa kiunoni. Leo siwezi hata kuusema vizuri.

Madamu hakuwa na mtoto. Nalazimika kulitaja kwa sababu kijiji kililitaja kila siku. Aliolewa akiwa msichana, mimba haikuja, akapelekwa kwa waganga, akanyweshwa mizizi, akachanjwa chale, akaombewa akiwa amepiga magoti mbele ya watu wote. Mwishoni mume akaoa mwingine na yeye akaondoka na begi moja. Haya alinisimulia mwenyewe, kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia hapa. Katika watu wote waliomshika tumbo miaka ile, hakuna hata mmoja aliyemuuliza amekulia kwenye maji gani.

Na kwa utasa huo ndipo walipompiga, ule mwaka nisiopenda kuukumbuka.

Alikuwa amekwenda Nassa kwenye msiba wa shangazi yake. Dawa zilikuwa zimepangwa kuja siku mbili baadaye, na kwa sababu ya msiba michembe ilikuwa haijakusanywa. Asubuhi ya siku aliyotarajiwa kurudi, gari la mradi likaingia bila taarifa. Walikuwa wamebadilisha ratiba. Walitakiwa kwingine kesho yake. Mwalimu mkuu hakutaka maneno na watu wa gari. Watoto wakapangwa mstari mbele ya mti, na mimi nikapewa fomu. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku kwa kila mtoto: amekula. Niliangalia wale watoto. Nilijua. Nikaangalia gari, dereva ameacha injini inanguruma. Nikaweka alama ya vema kwa mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka mwisho wa ukurasa. Mimi, niliyelishwa michembe na mkono wa Madamu, ndiye niliyeandika kwamba wamekula.

Wakaanza kuanguka. Mmoja, kisha wanne, kisha ikawa huwezi kujua nani anaugua na nani ameogopa. Matapishi varanda nzima. Habari ilifika majumbani kwa miguu ya watoto waliokimbia, na haikuchukua muda wazazi wakaja, wanaume na fimbo za kuswagia ng'ombe, wanawake wakipiga mayowe. Madamu alishuka kwenye pikipiki akitokea msibani katikati ya hayo yote, bado na kanga nyeusi kichwani.

"Ndiye huyo!" mwanamume mmoja akapaza sauti. "Tasa huyo! Analeta dawa ya kufunga vizazi ili watoto wetu wote wawe kama yeye!"

Kabula alikuwepo. Binti yake alikuwa amelala chini, ametapikia nguo. Kabula alimwangalia Madamu na hakumtetea.

Madamu alikwenda moja kwa moja kwenye mti. Akasimama, mgongo umeegemea mistari, akanyoosha kiganja kwa kiongozi wa msafara. "Nipe dozi yangu. Nimeze mbele yao waone."

Alikuwa sahihi. Wasukuma hatuna ugomvi na mtu anayekula kwanza chakula alichotupikia. Angemeza, kelele zingeshuka, watu wangekaa chini wakaongea. Kila mtu pale alijua hivyo isipokuwa mwenye kopo.

"Siwezi," alisema yule kiongozi. "Kila dozi ina jina la mwanafunzi."

"Nipe vidonge, baba. Wataniua."

"Madamu, nielewe. Wewe haumo."

Umati ulisikia neno moja tu, kwamba siwezi. "Mmeona? Wenyewe hawali! Wanajua walichoweka!" Bonge la udongo likampiga Madamu begani, jingine kichwani. Gari likaondoka. Watoto wote walikuwa wazima kabla ya saa kumi, wanacheza, maana kizunguzungu kile hupita. Lakini uvumi haukupita. Mwaka uliofuata siku ya vidonge nusu ya madawati yalikuwa matupu.

Nilikwenda kwake kumwambia kuhusu vile visanduku. Nilimwambia yote. Alikuwa anaanika michembe aliyokusanya amechelewa. Hakuinua uso. "Kesho unakuja na mimi," alisema, "na utawaambia wazazi wewe mwenyewe." Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mlango nilisema, mimi ndiye niliyeandika wamekula. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Kwa Kabula tulikaribishwa ndani, tukala, na Kabula akalia, akamwambia Madamu, "Nisamehe, mayu, niliona mtoto anakufa." Ilichukua miaka miwili madawati kujaa tena. Yule kiongozi wa msafara nasikia alipandishwa cheo.

Madamu alipostaafu nilirithi kazi yake. Safari hii hakuna aliyenitupia, niliomba. Aliniachia kigoda na rula, akahamia chumba kimoja Bariadi mjini, karibu na ndugu yake. Mwaka uliofuata nikasikia amepelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, nikasikia amerudi, na mambo ya shule yakanishika. Nilikwenda kumwona mwaka huu, Jumamosi moja mchana, wiki moja baada ya siku ya vidonge.

Alikuwa amepungua mpaka kitanda kinamzidi. Sweta ni lile lile.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Kaa hapo, usikae mbali, sauti yangu imekwisha."

Haikuwa imekwisha, ila ilikuwa imelingana na umbo hatimaye. Akanieleza bila kuzunguka. Anakojoa damu. Kibofu kimeharibika, na kilichoota ndani yake hakitolewi tena. Daktari wa Mwanza alimuuliza maswali mengi: alikulia wapi, aliogelea, alifua wapi. Akamwambia ni kichocho cha tangu utotoni, kimekaa humo miaka yote. Akamuuliza pia kama ana watoto. Alipojibu hana, daktari akaweka kalamu chini. Akamwambia huenda na hilo pia ni kazi ya wadudu wale wale.

"Mizizi yote ile nimekunywa," alisema. "Chale zote zile. Na dawa yake nilikuwa naigawa kwa mikono yangu kila mwaka."

 Hasira ilinipanda mpaka nikahisi joto masikioni, na hapakuwa na mtu chumbani wa kumgombeza.

"Nilipokuwa mtoto dawa hazikuwepo," aliendelea. "Zilipokuja nikawa mkubwa. Haya, niambie. Mwaka huu vilibaki?"

"Vilibaki, Madamu."

"Vingi?"

"Kopo moja na zaidi."

"Ukafanya nini?"

Nilitaka kumdanganya. Nilimwangalia nikashindwa. "Nilivirudisha. Walisema fomu isipolingana, mwaka kesho shule haipewi."

 Jirani alikuwa anatwanga nje, mtwangio unapiga, unapiga.

"Nani walipika?"

"Kabula. Holo. Mama Masanja. Na Minza."

"Minza yupi?"

"Mke wangu, Madamu. Tumeoana mwaka wa nne huu. Naye huchota maji lamboni kama wenzake."

Akageuza kichwa juu ya mto, taratibu, akanitazama kama alivyoitazama chupa yangu ya darasa la tano.

"Mna mtoto?"

"Bado."

"Anaumwa?"

"Hajaniambia."

"Hawasemi. Wewe umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Mimi, mwalimu wa afya. Kila mwaka nauliza watoto wa watu, napima kimo cha watoto wa watu, na nyumbani mwangu mama yangu ameshaanza kunong'ona kuhusu mganga mmoja wa Nyashimo, na mimi nilikuwa naanza kumsikiliza.

"Toka," Madamu alisema.

"Madamu..."

"Toka humu, usinililie. Nenda ukamtafutie dawa sasa hivi, maduka hayajafungwa."

Nilitoka bila hata kuaga vizuri. Nilitembea haraka mpaka stendi, kwenye maduka ya dawa. La kwanza hawakuwa nayo. La pili walinipa ya minyoo, nikawarudishia. La tatu lilikuwa na dada kijana mwenye koti jeupe, mchangamfu, aliyenisikiliza mpaka mwisho, akafungua droo, akapanda ngazi kuangalia rafu ya juu, akashuka akipangusa vumbi mikononi.

"Ya kichocho hatuna, kaka. Haina wateja, maana hizo zinagawiwa bure mashuleni." Akaniandikia kwenye kikaratasi, nisije nikasahau, akanipa. "Nenda shule yoyote iliyo karibu na kwenu, umwone mwalimu wa afya. Yeye anazo."